Hapa Atasikia

Nimempiga mwalimu mwenzangu mara moja tu maishani, na nilimpiga nikiwa kazini, mchana kweupe, mbele ya watoto arobaini na watatu. Nilimpiga kwa kipande cha paipu nyeusi ya maji, mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko. Kazi niliyotumwa kuifanya pale ilikuwa kumfunza mwalimu huyo asipige. Watu wakiniuliza kwa nini siku hizi naongea polepole, huwa nawaambia ni uzee, lakini si uzee.

Mimi nina hasira, na sikuipata kwa jirani. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa ngumi zikiwa zimekunjwa, na akina mama wa kanisa letu kule Tawa wananiombea mpaka leo. Nilianza kufundisha hukohuko Tawa, na kwa miaka kumi na mmoja nilichapa watoto wa watu. Niliwachapa kwa kuchelewa, kwa mwandiko mbaya, kwa kucheka, na mara moja kwa kutocheka nilipotoa mzaha. Sheria ilikuwa imeshakataza kiboko, lakini sheria ilikaa Nairobi na sisi tulikaa Tawa, na wazazi wenyewe walituletea fimbo zilizochongwa vizuri. Siku ya hesabu zangu wavulana walivaa kaptura mbili.

Kulikuwa na msichana mmoja aliyenakili vibaya kila kitu nilichoandika ubaoni. Nilimchapa kila wiki kwa uvivu wake. Siku moja zamu yake ya kupandisha bendera ilifika, nikamwona anapapasa hewani akitafuta kamba iliyokuwa mbele ya pua yake. Nilikuwa nimemchapa mwaka mzima kwa kosa la kutoona. Alihamia kwa shangazi yake kabla sijapata maneno ya kumwambia, na aibu ile ndiyo iliyonirudisha chuoni nikasomee elimu ya watoto wenye mahitaji maalum. Sikwenda kwa wito. Nilikwenda kwa sababu usingizi ulikuwa umenikataa.

Nilipomaliza nikapewa kazi ya kuzunguka Kitui na Makueni nikiwasaidia walimu wa shule za kawaida waliokuwa na watoto wenye ulemavu darasani. Cheo kiliitwa kocha. Nilipofika Tseikuru, mwenye duka mmoja aliniuliza timu yangu inacheza lini. Kazi hiyo ina kanuni zake. Kocha haingilii somo. Anakaa nyuma, anaandika anachokiona na si anachokifikiria, na somo likiisha anaanza na swali, halaumu. Chini kabisa ya kanuni hizo kuna kifungu kidogo kinachosema mtoto akiumizwa, kocha asimame. Kifungu hicho nilikisoma, nikakijibu kwenye mtihani, nikakisahau.

Mwalimu ninayemsema alikuwa kijana wa Kibwezi, mwaka wake wa tatu kazini, akifundisha gredi ya tatu katika shule moja nje kidogo ya Tseikuru. Alikuwa na mkono mzuri wa kuchora. Angeweza kukuchorea mbuzi ubaoni ukamtambua ni wa nani. Alikuwa pia na ile paipu, na watoto walikuwa wameipa jina la Deputi, kwa sababu mwalimu akitoka ilibaki mezani ikisimamia darasa.

Siku yangu ya kwanza nilikaa nyuma na fomu yangu magotini. Karibu na ukuta, chini ya bango la methali lililoandikwa "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alikaa msichana wa miaka kumi hivi, hijabu yake ndogo nyeupe imefungwa nadhifu. Alikuwa akiandika huku akinguruma kooni, sauti ndogo ya mtu anayepika akiwa peke yake nyumbani. Wenzake wakaanza kucheka. Mwalimu akaamuru kimya. Msichana akanguruma. Mwalimu akasema tena, kwa ukali, na darasa lote likanyamaza isipokuwa yeye. Mwalimu akaichukua Deputi, akamzunguka kwa nyuma, akamkata nayo mgongoni.

Msichana hakulia. Alisimama, akageuka, akanyoosha viganja vyote viwili mbele, kwa utaratibu, jinsi mtu anavyotoa tikiti. Mwalimu akampiga kimoja kimoja. Kisha mtoto akaketi, akavificha viganja makwapani, na ile sauti ikakoma. Mimi nikaandika kwenye fomu: "Mwalimu alimpiga mwanafunzi mara tatu." Ninayo nakala yake hadi leo. Mwandiko ni mzuri sana, umenyooka, na huo unyoofu ndio unaonitia aibu kuliko maneno yenyewe.

Mapumziko tulikaa kwenye kibaraza. Nikaanza na swali, kama nilivyofunzwa.

"Somo lilikwendaje?"

"Lilienda poa, mwaitu," akasema. Mwaitu ni mama kwetu Wakamba, na aliniita hivyo kwa heshima. "Wale wa mbele wameshika. Wa nyuma ndio ngumu."

"Na yule wa pale ukutani?"

"Huyo? Huyo hasikii, mwaitu. Tangu aletwe. Hata baba yake alinishow siku ya kwanza, akaniambia, mwalimu, huyu hasikii."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia mzee asijali. Hapa atasikia."

Nilimwomba arudie, akarudia, bado hajaona kitu. Nikainuka, nikaingia darasani ambako msichana alikuwa amebaki peke yake na wenzake wawili watatu. Nikachukua mkebe mkubwa wa chaki uliokuwa mezani, nikauinua juu, nikauachilia sakafuni nyuma yake. Wale wenzake waliruka. Mmoja alipiga kelele. Yeye aliendelea kupaka rangi jani la mhindi aliouchora, akinguruma.

Mwalimu alikuwa mlangoni. Aliutazama mkebe, akamtazama mtoto, kisha akaketi palepale kizingitini na kusema kwa Kikamba kwamba amekwisha.

Lugha zetu zilitutega. Kwa Kiswahili, na kwa Kikamba ni hivyohivyo, mwenye masikio mazima husikia, mtoto mtiifu husikia, na mtu anayeumia husikia uchungu. Baba alisema neno kwa maana ya kwanza, mwalimu akalipokea kwa maana ya pili, na mtoto akaletewa ile ya tatu, kutwa, kwa mwaka mmoja na nusu. Kijana huyo hakuwa mnyama. Alikuwa akimpiga kiziwi ili asikie, na aliamini baba mtu ndiye aliyemwomba.

Nilimwambia twende kwa baba siku hiyohiyo. Hakutaka, na mimi nikamwambia sijauliza kama anataka, jambo ambalo kocha hasemi.

Tulimkuta kwenye uwanja wa mifugo. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe na mbuzi, mtu mrefu mwenye ndevu zilizopakwa hina, ambaye jamaa zake walitoka kaskazini mashariki na kukaa Tseikuru muda mrefu. Walikuwa wakipakia mafahali kwenye lori. Vijana waliwapiga kwa fimbo migongoni na kuwasokota mikia, na fahali mmoja alikuwa amevunjika pembe, damu inamwingia jichoni. Ilinibidi niseme kwa sauti kubwa. Nikamweleza neno lake lilivyofika, na lilivyojibiwa, na mwanawe alivyokuwa akifanyiwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia kijana.

"Wewe ulisema atasikia."

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nikafikiri shule iko na njia. Serikali iko na mashine, iko na dawa, mimi sijui. Nikakushukuru." Akamwelekezea fimbo yake. "Ile maziwa yangu kila Jumatatu, ulifikiri ni ya nini?"

Kijana alikuwa ameyanywa maziwa hayo mwaka na nusu akidhani ni shukrani ya mzazi anayependa nidhamu.

"Mama yake," akasema yule baba, sasa akiniambia mimi, "kila jioni anasimama nyuma yake, anaita jina. Anaita polepole. Anajaribu kama ameanza."

Akaipiga fimbo yake ubavuni mwa lori, mara moja, na mbao ikapasuka. Akasema ataturudishia mtoto kwa sababu hakuna kwingine. Shule ya viziwi ilikuwa mbali, ya bweni, na hawezi kumpeleka binti wa miaka kumi akalale kwa watu asioweza kuwaambia hata tumbo linauma. "Lakini akipigwa tena, moja tu, namtoa. Na shule hataona tena." Tulijua hatanii.

Basi tukaanza kazi. Nilikuwa nikifika kila wiki, wakati mwingine mara mbili. Msichana akaletwa benchi la mbele. Mwalimu akajifunza kutozungumza na ubao, kumtazama usoni, kugonga dawati akimwita. Nilimfunza ishara chache kila nikija, maji, choo, andika, njoo, vizuri, naye akachora kadi za kila neno. Watoto wengine walizishika ishara haraka kuliko mwalimu, wakaanza kusengenyana katikati ya somo, kelele zote zikahamia mikononi. Ule mngurumo aliumaliza mwalimu mwenyewe, bila ushauri wangu. Alikiweka kiganja cha mtoto kooni pake, akanguruma, kisha akakihamishia kooni pa mtoto. Msichana alishtuka, akacheka, akashinda siku nzima akijishika koo. Nilifurahi mpaka nikasahau kuandika.

Deputi ilikuwa imetundikwa msumarini nyuma ya kabati. Nilimuuliza, kwa adabu zote za ukocha, anaonaje akiitupa.

"Iache tu, mwaitu. Hata askari akikosa kazi hafutwi."

Nilicheka. Kocha haamuru, huuliza, nami niliuliza nikaridhika na jibu la kipumbavu kwa sababu lilikuwa la kuchekesha. Kosa hilo nalihesabu langu.

Ilikuwa wiki ya tano. Maji yalikuwa yamekwisha shuleni tangu juzi yake, joto lilikuwa la kukata pumzi, na walimu wawili hawakuwa wamefika, kwa hiyo kelele za madarasa yao zilitujia kupitia ukutani. Mvulana mmoja alizinyakua kadi za msichana, akazipeperusha juu ili wenzake waone. Msichana akazirukia, hakuzifikia. Basi akamshika yule mvulana mkono akamng'ata, na hakumng'ata kitoto. Damu ilichuruzika mpaka kwenye daftari. Mvulana akapiga ukelele, benchi likaanguka, wengine wakasimama juu ya madawati, na kijana wangu, ambaye kwa wiki nne hakuwa amemgusa mtu, akaenda moja kwa moja nyuma ya kabati.

Alimpiga msichana begani. Alimpiga shingoni. Mtoto alijikunja kwenye kona, na mwalimu akainua mkono tena, jasho linamtoka, akisema kwa meno yaliyoumana, "Utasikia. Leo utasikia."

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka fomu zikianguka. Niliishika paipu ikiwa bado hewani, nikaivuta, ikanijia kirahisi kwa sababu hakunitarajia, na nikampiga nayo kwa nguvu zangu zote za Tawa. Ilitoa mlio wa nguo mbichi ikipigwa juu ya jiwe. Akainua mkono wa kushoto anirudishie, na kusema kweli nilitaka anirudishie. Kisha akanitazama, akaushusha, akaushika ule ulioumia. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia raha. Raha ile ilidumu kama pumzi moja.

Msichana akatoka konani. Alama nyekundu ilikuwa imeanza kufura shingoni. Alipita katikati ya mabenchi yaliyopinduka, akaja akasimama mbele yangu mimi, akanyoosha viganja vyote viwili.

Hakuwa amesikia neno lolote lililosemwa mle ndani. Kwake hakukuwa na anayetetewa wala anayeadhibiwa. Kulikuwa na paipu, na mtu mzima aliyeishika, na yeye ndiye aliyefuata. Nilitaka kuidondosha, vidole vikakataa kufunguka. Kiranja wa darasa, mtoto wa kike mwenye akili kuliko sisi sote, ndiye aliyekuja kuniambia taratibu, "Madam, leta." Nikampa. Aliipeleka akaitumbukiza chooni.

Mwalimu mkuu alifanya alichopaswa kufanya. Aliandika barua mbili, moja ya kijana na moja yangu. Ya kijana ilikuwa onyo. Yangu ilinitoa kazini muhula mzima, na sikuwa na la kubisha. "Mkuki kwa nguruwe, madam," aliniambia akinipa nisaini, na hakuwa akitabasamu.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kwa baba. Sikutaka habari imfikie kwa mdomo mwingine. Alikuwa nyumbani, ameketi kwenye mkeka, na binti alikuwa ameshafika na kujificha ndani.

"Amepigwa tena," nikasema.

"Nimeona shingo."

"Mimi nilikuwepo."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikampiga mwalimu."

Hakukasirika, na hakufurahi pia, nami nadhani nilikuwa nimetembea njia yote ile nikitumaini atafurahi.

"Na yeye," akauliza, "amesikia?"

Akaniambia nimwachie binti yake, kesho haji, na kesho kutwa haji. Nikamwomba basi niwe nafika pale nyumbani kumfundisha, bure, wakati wowote atakaotaka. Akasema hapana. "Mkono wako una haraka, mama. Kaa nao kwako." Nilirudi Tawa nikiwa nimeelewa kwamba nimemaliza masomo ya mtoto yule kwa mkono wangu mwenyewe. Pigo la kijana lilikuwa limevunja ahadi, lakini langu ndilo lililomwonyesha baba kwamba shuleni pale hata mwenye kumtetea mtoto hana chombo kingine.

Muhula ule niliupitisha vibaya. Nilimgombeza kila mtu. Nilimfukuza kuku wa jirani kwa jiwe nikamvunja mguu, nikalazimika kumnunua na kumla, na hakuwa mtamu. Usiku sikulala, mchana sikutulia. Hasira ni hasara, tunawaambia watoto waandike mara ishirini.

Kisha kijana akanipigia simu. Sikuwa nimetarajia kuisikia sauti yake tena. Alikuwa akienda kwa yule baba kila Jumamosi, peke yake. Jumamosi ya kwanza mzee alimpokea kwa fimbo ya ng'ombe. Alimpiga mgongoni mara mbili, kijana akasimama tu pale uani, hakukimbia wala hakujikinga, na mzee akachoka akaingia ndani. Jumamosi ya pili hakupigwa wala hakukaribishwa. Ya tatu alikuja na kadi mpya, akazipanga chini kwenye mchanga, akaondoka akaziacha. Ya nne alikuta mama mtu amezishika, anataka kujua ishara ya kumwita mtoto aje kula.

"Na msichana mwenyewe?" nikamuuliza. "Pole ulimwambiaje?"

"Sikumwambia, mwaitu. Sikuwa na ishara yake. Nilikaa chini, yeye amesimama, akaniangalia. Akaniangalia mpaka akachoka. Alafu akaniletea maji."

Wiki mbili baadaye baba alimrudisha shuleni mwenyewe, amemshika mkono. Hakusema neno la onyo safari hii.

Nami nikarudishwa kazini, chini ya uangalizi, na shule ya kwanza niliyoomba kwenda ilikuwa ile. Nilikuwa nimejifunza mambo mengi ya kumwambia yule mtoto. Nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya kioo, ishara moja baada ya nyingine, mpaka mikono ikauma. Nilifika katikati ya somo. Msichana alikuwa ubaoni, chaki mkononi, akiwaandikia wenzake, na darasa zima lilikuwa likimjibu kwa vidole. Alikuwa amerefuka. Akageuka kumtafuta mwalimu kwa macho, akaniona mlangoni.

Alikimbia. Hakukimbilia dirishani wala kwenye kona. Alikimbilia nyuma ya mwalimu, akalishika shati lake kwa mikono miwili, akauficha uso mgongoni pake, palepale baba yake alipokuwa amempiga mwalimu huyo. Kijana alipeleka mkono wake wa kulia nyuma akampapasa kichwa. Kisha akageuka, akapiga goti, akazungumza naye kwa ishara haraka sana. Mimi niliyemfunza zile za kwanza sikuambulia hata moja. Mtoto alitikisa kichwa. Akazungumza naye tena, akatikisa kichwa tena.

"Mwaitu," akaniambia, bila kuinuka, kwa upole niliokuwa nimelipwa kumfunza, "kaa nje kidogo."

Nikabeba kiti changu nikatoka, nikakiweka kivulini karibu na mlango. Somo liliendelea, na lilikuwa somo zuri. Kengele ilipolia watoto walitoka mbio wakipita mbele ya magoti yangu, wote arobaini na wawili. Yeye alitoka kwa kupitia dirishani.